Gari yako imevuka Kasumba: polisi ya mpaka, Interpol ao parke? Uchague kabla serikali haijabadilika

Siku ya posho moja, mwisho ya mwezi wa saba 2021, Canter ya yaya yangu (mukubwa wangu) ilitoka ku Ruashi saa kumi na moja ya asubuhi, shofa akasema anaenda kutafuta unga Kasumba, yaani Kasumbalesa, mpaka yetu na Zambia, saa kumi ya mchana atakuwa amesharudi. Saa kumi hakuna. Saa mbili ya usiku telefone imezimwa. Siku ya yenga vile vile. Siku ya kwanza tukaenda kwake ku Katuba tukakuta mlango iko wazi, bibi yake pia ameondoka, masafuria hakuna, kitanda hakuna, imebaki paka kalenda ku ukuta. Pale njo tulielewa.

Siku ya pili mtoto ya mama mkubwa, yeye anapeleka shaba na kamyo mpaka Ndola, akatupigia: "Yaya, ile Canter yenu ya bluu, ile ilipondekaka ku mlango ya kuume, niko naiona hapa Kitwe, lakini plake ni ya Zambia."

Bon, sasa ndani ya lupango kila mutu akawa avoka. Komanda moja rafiki ya yaya akasema musipoteze wakati na makaratasi, mi napigia mwenzangu wa ng'ambo leo leo. Shemeji yetu mwalimu akasema hapana, ni Interpol. Baba mdogo yeye akakaza paka neno moja, parke, parke, ile buro ya prokirere, kitu inayoibiwa inarudishwa na jaji. Tukazifanya zote tatu, moja nyuma ya ingine, tena kwa mpango mubaya, na katikati ya kazi serikali ya Zambia ikabadilika. Mi nafanya kazi ya deklaran ku Kasumba, dosie za duani (forodha), na tangu ile mambo bantu bananiuliza kila mara: gari ao mzigo ikivuka, tushike njia gani? Nitaziweka hizi tatu bega kwa bega vile nilivyoziona, juu jibu inabadilika kufuatana na nini umepoteza na siasa iko namna gani siku ile.

Njia ya kwanza: mpaka kwa mpaka

Hii ni ile ya komanda. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa karibu 90, na pale ku baryeri bakubwa ya pande mbili banajuana. Banakutana kila siku juu ya foleni ya makamyo, juu ya ajali, juu ya bashofa banapigana. Kibemba kinazungumzwa huku na kule, unasalimia "mulishani mukwai", mutu anacheka, kazi inaanza. Kuna watsap. Hakuna barua, hakuna tamponi, hakuna mtafsiri.

Na inaenda mbio, nisikudanganye. Komanda alipiga simu siku ya pili saa tisa ya mchana, siku ya ine asubuhi tukapata foto: Canter yetu ndani ya kiwanja ya polisi kule ng'ambo, magurudumu yote ine iko, tena betri, mifuko mitupu ya unga ingali ku benne. Yaya akachinja kuku. Mwenzake komanda akasema mungoje siku kidogo, kuna uchaguzi, bapolisi yote iko mu barabara, tukimaliza mutakuja kuchukua.

Tukangoja. Ile kungoja njo ilitukula.

Zambia banachagua kila miaka 5, siku ya ine (Alamisi) ya pili ya mwezi wa munane, katiba yao inasema vile. Mwaka ule iliangukia tarehe 12. Hakainde Hichilema akamshinda Edgar Lungu, akaapa tarehe 24, na hata wiki haijaisha akabadilisha bakubwa ya jeshi na mukubwa wa polisi ya inchi nzima. Sasa wewe ambaye unajua namna kazi ya polisi inaenda, unajua kwamba mukubwa akibadilika ku Lusaka, mawimbi inashuka mpaka ku komisaria ya mwisho mu pori. Yule mwenzake wa komanda akapelekwa fasi ingine. Namba yake ikawa inaita tu. Mupya akafika, muzuri kabisa, mutu wa heshima, akatukaribisha na viti, akauliza kitu moja: "Karatasi iko wapi?"

Karatasi hakuna. Mu kitabu yao Canter iliandikwa gari iliyookotwa barabarani, mwenyewe hajulikani. Hakuna plenti (mashitaka ku polisi) kutoka Kongo, hakuna namba ya dosie, hakuna ombi. Foto ya watsap haiwezi kuwa ombi. Na yule mupya hakukosea, sisi njo tulikosea, juu yeye akitoa gari kwa Bakongomani batatu bamekuja na mdomo mitupu, kesho mukubwa wake mupya atamuuliza yeye.

Kwa hiyo faida ya njia hii ni kasi, na kasoro yake ni kwamba inabebwa na sura ya mutu. Mutu akihama, njia inahama naye. Tena kuna kasoro ya pili bantu habaifikirie: hata kama ungepewa gari siku ile ile, umevuka nayo bila karatasi ya polisi ya kule, basi mu macho ya sheria yao unaweza kuwa wewe njo umeiba. Nimeona gari inarudi Lubumbashi hivi, miezi sita nyuma inashikwa tena ku Kipushi juu ile upande walikuwa banaitafuta.

Njia ya pili: Interpol

Hapa kwanza nifukuze uongo. Interpol haina bapolisi bake banakuja na kofia kushika mwizi. Na wewe huwezi kwenda kugonga mlango ya Interpol kama unaenda dukani. Ni inchi 196 zilizokubaliana kupeana habari, kila inchi iko na buro moja ya taifa, yetu iko Kinshasa, ya Zambia iko Lusaka, na kila kitu inapita pale. Wewe unaweka plenti kwa OPJ, ule polisi mwenye kuchunguza kesi, hapa Lubumbashi, yeye anaandika PV (karatasi ya maelezo yako), dosie inapanda mpaka Kinshasa, Kinshasa inaingiza gari mu fichie (orodha) ya magari yaliyoibiwa, na toka dakika ile polisi yoyote ya dunia yenye kufungua ile fichie akiandika namba ya shasi anaiona.

Namba ya shasi, si plake. Plake inabadilishwa na tournevis kwa dakika tano, shasi imechongwa ku chuma. Na hapa Zambia iko na kitu moja inasaidia sana: gari ya okazyo ikitoka inje, kabla ya kuandikishwa kule inaombwa karatasi ya Interpol ya kuonyesha si ya wizi. Ni kama chujio. Mwizi anaweza kutembea na plake ya kuazima mwezi, miezi miwili, lakini siku anataka kuiuza vizuri, anafika pale, banainama chini ya kiti na tochi, banasoma shasi.

Sasa kisa chetu. OPJ alituandikia PV na mkono, si kwa kompyuta, courant ilikuwa imekatika. Namba ya shasi ya ile Canter inaanza na FE, ni gari ya Japani, iko na herufi na kamstari katikati, ndani yake kuna B. Yeye B yake inafanana na 8. Yule alikopia kule mbele akaandika 8. Wiki tatu fichie inasema gari haijulikani, na gari iko mu kiwanja pale banaitazama! Ni shemeji mwalimu njo aligundua, yeye amezoea kusahihisha daftari za batoto, akashika kopi akasema "hii si munane". Donk nakuomba, chukua foto ya shasi leo, leo, gari ingali kwako, na siku ya plenti usimame nyuma ya OPJ umusomee herufi moja moja, useme B ya Bukavu, D ya Dilolo. Atakasirika kidogo. Acha akasirike.

Kitu ingine: fichie ikisema ndiyo, haijaisha. Ile ndiyo inapaswa kuthibitishwa na inchi iliyoandika, yaani Lusaka inauliza Kinshasa, bado munaitafuta? mwenyewe ni nani? Kama Kinshasa haijibu, gari inabaki pale, nyasi inaota. Njo maana mutu wa kusukuma dosie Kinshasa ni wa lazima, ndugu, rafiki ya masomo, mutu yoyote mwenye anaweza kufika pale na miguu yake, juu sisi tuko mbali, Kinshasa kwetu ni avyo.

Karibu na Interpol kuna kamati za bakubwa ba polisi za kila kanda, na Kongo yetu juu iko katikati ya Afrika imeingia mu nyingi: upande ya kusini iko SARPCCO, ilizaliwa 1995, Zambia pia iko ndani, buro yake Harare, upande ya mashariki iko EAPCCO, ya 1998, na Afrika ya kati iko na yake. Kwa mutu wa Lubumbashi ile inamhusu ni SARPCCO. Makubaliano yake ya 1997 inaruhusu polisi ya inchi moja kuingia kwa jirani kufuata uchunguzi, lakini kwa ruhusa na akisindikizwa na benyeji, kushika mutu ni kazi ya benyeji. Na mara kwa mara banafanya operesheni pamoja, kama ile ya 2013 iliyounganisha kusini na mashariki, baliiita kwa Kiswahili chetu, Usalama. Siku za operesheni kama ile gari za wizi zinashikwa mingi, juu kila baryeri inaombwa kupima shasi.

Wakati serikali inabadilika, njia hii inatikisika lakini haianguki. Mukubwa wa buro anaweza kuhama, namba ya dosie inabaki. Yule mupya wa ng'ambo, siku tulimletea barua yenye namba ya Kinshasa na jibu ya Lusaka, hakuuliza tena sisi ni ba nani. Alifungua kitabu, akafuta ile "mwenyewe hajulikani", akaandika.

Njia ya tatu: parke na jaji

Baba mdogo alikuwa na haki nusu. Parke ni ya lazima kama unatafuta mutu, si gari. Sisi mwanzoni tulitaka vyote viwili, gari na shofa, tena yaya alikuwa anataka shofa zaidi ya gari.

Shofa akiwa hapa kwetu, ni rahisi kuelewa: OPJ anaweza kumushika masaa 48, katiba inasema si zaidi, kisha aletwe mbele ya mwenye sheria ao aachiwe. Akiwa Zambia, pale njo safari. Prokirere wa hapa anaandika komisyo rogatwari (ombi ya kusaidiwa uchunguzi na bajaji ba kule), ama ombi ya kumurudisha, inapanda ku ministere ya justisi Kinshasa, inapita kwa mambo ya inje, inaingia ambasadi, inafika Lusaka kwa mwanasheria mukubwa wa serikali, yeye njo sheria yao ya 1993 ya kusaidiana mambo ya jinai inamupa kazi ya kupokea, halafu inashuka kwa majistra. Yote hiyo kwa Kifaransa ikatafsiriwe Kingereza na mutafsiri mwenye tamponi. Na tena sheria yetu ilitoka kwa Babelgiji, yao ilitoka kwa Bangereza: huku PV ya OPJ inabeba uzito mingi, kule shahidi anasimama mwenyewe na avoka ya upande ingine anamuuliza mpaka jasho. Yaya aliposikia kwamba atapaswa kwenda Kitwe kusimama mbele ya majistra mara mbili ama tatu, na duka yake nani ataangalia, akasema acha, shofa abaki na Mungu.

Ni ya polepole, ni ya makuta mingi, na kwa Canter ya okazyo haifai. Lakini kwa damu, kwa mtoto aliyeibiwa, kwa mutu aliyekimbia na makuta ya likelemba (ile ya kuchangiana) ya ba mama makumi tano, ni yenyewe tu. Hakuna njia ingine inayoleta mutu kihalali.

Sasa siasa ikitikisika, ipi inasimama?

Bantu bakisikia "mabadiliko ya siasa" banafikiri uchaguzi tu. Kwetu ilikuja na sura mingi.

Mara iko mukasi: 2015 Katanga ilikatwa vipande vine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Mpaka na Zambia haikusogea hata mita, lakini dosie ya mutu wa Kolwezi iliyofunguliwa Lubumbashi ikawa dosie ya provinsi ingine na komisaria ingine. Hapo njia ya mpaka haikuona kitu, Kasumba ilibaki Haut-Katanga, ni parke njo bantu balikimbizana nayo.

Mara iko pombe. Mwezi wa munane 2024 Kongo ilikataza kuingiza bia na vinywaji vya inje, Bazambia bakakasirika, bakafunga mpaka yote na sisi, Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, siku chache tu kabla ya kuelewana na kufungua. Mi nilikuwa pale. Makamyo ya shaba ilijipanga mpaka mwisho huuoni. Siku zile komanda hakuweza kumupigia mwenzake juu ya gari ya mutu, si juu ya chuki, ni juu kila mutu alikuwa anaogopa kuonekana anafanya urafiki na ng'ambo wakati bakubwa banagombana. Fichie ya Interpol yenyewe haikujua kama kuna bia wala hakuna bia.

Na mara iko ile ya Goma. Ndugu zetu ba kule hii ulinganisho yangu itabachekesha, juu kwao toka mwezi wa tano 2021 kuna hali ya kuzingirwa, polisi na jeshi njo zilichukua uongozi, kesi za jinai za raia zikapelekwa ku tribinali ya kijeshi, donk njia ya parke ikabadilika sura hata bila mpaka kuguswa. Halafu mwisho ya mwezi wa kwanza 2025 baasi ba M23 bakaingia Goma, mwezi wa pili Bukavu, na Kinshasa ikaita badiplomate bake ba Kigali barudi. Fikiria sasa: ku Grande Barrière upande ya Gisenyi kuna polisi ya Rwanda, upande ya Goma anayesimama si polisi ya Kinshasa tena. Njia ya mpaka kwa macho ya Kinshasa imekufa, juu hakuna mutu wake pale. Njia ya parke inapita ku ambasadi, na badiplomate bamerudi nyumbani. Inabaki Interpol peke yake yenye mlango haujafungwa kwa maandishi, juu Kongo na Rwanda zote mbili ziko ndani, lakini OPJ wa kuandika plenti unamupata wapi? Ni huzuni zaidi ukikumbuka kwamba ni pale pale Gisenyi, 1976, Kongo, Rwanda na Burundi zilisaini CEPGL yao, ili bantu na mali bapite muzuri.

Baba mdogo naye iko na yake ya 1997. Wakati Mobutu alianguka, Jandarmeri na Gardi Sivile zikaisha, Polisi ya Taifa ikazaliwa, yeye alikuwa na karatasi ya vélo yake iliyoibiwa yenye tamponi ya jandarmeri. Mpaka leo anaiweka mu Biblia. Vélo ilivuka Mokambo.

Kuna jambo moja hapa naona ni kubwa kuliko magari yote, na bantu banalipita. Ile kasi ya njia ya kwanza, simu moja, hakuna karatasi, hakuna jaji, inafurahisha kama kinachorudishwa ni Canter. Sasa weka mutu mu fasi ya Canter. Serikali imebadilika, kijana wa chama iliyoshindwa amekimbilia kwa jirani, simu inapigwa ku baryeri, saa nane ya usiku anasukumwa ng'ambo, na asubuhi hakuna kitabu kinachosema alipita. Ni mlango ule ule. Njo maana Interpol kifungu chake cha 3 kinaikataza kabisa kuingia mu mambo ya siasa, ya kijeshi, ya dini na ya rangi, na njo maana kuna ile mikataba ya bakimbizi, ya 1951 na ya Afrika ya 1969, inayokataza kumurudisha mutu fasi atateswa. Kama ni ndugu yako amekimbia siasa na mutu anakuambia "komanda atatusaidia kumurudisha haraka", kimbia ile msaada. Pale polepole ya parke, na majistra, na avoka, na tafsiri, njo ngao yake. Na notisi nyekundu yenyewe, jua kwamba si waranti ya dunia nzima, ni ombi, kila inchi inaamua na sheria yake kama inamushika mutu ama haimushiki.

Uchague basi

Kama ni gari ao kamyo, na hakuna uchaguzi karibu wala ugomvi ya bakubwa, anza na plenti ku OPJ asubuhi, pata kopi yenye namba, halafu mchana ile ile mupigie komanda. Plenti mbele, simu nyuma. Sisi tuligeuza, tukapoteza miezi mitano. Simu inasimamisha gari, karatasi inairudisha.

Kama uchaguzi iko mbele ya mlango, huku ama kule, usingoje mtu akuambie "baada ya uchaguzi". 2026 yao inaangukia tarehe 13 ya mwezi wa munane, hesabu miezi mitatu mbele na miezi mitatu nyuma, mu ile muda mi ningeenda Interpol moja kwa moja na ningeomba yule wa mpaka kitu moja tu: aandike gari mu kitabu yake na jina langu na namba ya PV yangu. Sentensi moja. Akihama, sentensi inabaki.

Kama mpaka imefungwa, usijaribu kupita pori ya Kipushi na makuta mfukoni kutafuta gari yako, utapoteza na makuta. Sukuma Kinshasa.

Kama ni mzigo, si gari, hali ni mbaya kwa njia ya pili, juu mifuko ya unga haina shasi. Hapo mpaka kwa mpaka njo nafasi yako, masaa 24 ya kwanza, na dosie ya duani mkononi yenye namba ya kamyo na ya kontenere, zaidi ya pale imeshauzwa soko ya Chililabombwe.

Kama ni mtoto ama mzee amepotea ng'ambo, fanya vyote siku moja, simu ku baryeri kabla hata ya kuketi, na plenti ikiombwa notisi ya njano, ile ya bantu bamepotea. Pale sitaki kusikia habari ya ufuatano.

Na kama unatafuta mwizi mwenyewe, jiulize kwanza kama uko na mwaka moja, avoka wa pande mbili, na roho ya kusimama mbele ya majistra anayekuangalia juu ya miwani. Kama hauna, tafuta gari.

Karatasi za kubeba siku unaenda kuchukua: karte roze (karatasi ya gari) orijinali, kitansi ya duani ya siku gari iliingia Kongo, PV, tafsiri yake ya Kingereza, kitambulisho, na kama gari iko na jina ya mutu mwingine, prokirasyo yenye tamponi ya noteri. Yaya alisahau prokirasyo, Canter ilikuwa na jina ya marehemu baba, tukarudi Lubumbashi kuitafuta, siku mbili ingine.

Ilivuka Kasumba mwisho ya mwezi wa kwanza 2022, ikivutwa na kamba nyuma ya kamyo ya yule mtoto ya mama mkubwa. Mu foto ya kwanza magurudumu ilikuwa ine, sasa ilikuwa mbili na zingine mbili za kuazima. Betri hakuna. Kioo ya kuume hakuna. Mifuko ya unga iliyobaki ku benne ilikuwa imeota kitu ya kijani. Yaya akazunguka mara mbili bila kusema, akafungua mlango iliyopondeka, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kitambaa yake ya kupangusa dirisha, ile ile. Akaikunjakunja akaiweka mfukoni, akaniuliza nani analipa kamba.